Walivyofunga Redio ya Ambondrona

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara ya serikali inayokagua redio, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, Mkuu wa Mitambo wa Mahajanga alinipeleka kwenye mlingoti wa Amborovy akanikabidhi kipima masafa, chombo kinachoonyesha kila redio imesimama wapi hewani na nani amemkanyaga mwenzake.

"Saidi," aliniambia kwa Kifaransa chake cha kukwaruza, "andika unachokiona, si unachoambiwa."

Nilimtumikia miaka mingi. Alipostaafu akaja mkubwa mwingine, aliyeitwa Mkurugenzi, nami nikahamishiwa kisiwa cha Nosy Be.

Wakati huo redio ndogo za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa. Pale kisiwani, Ambondrona, ilikuwapo moja, ya Bi Echati, mjane wa asili ya Komoro kama mimi. Kila asubuhi aliwatangazia wavuvi hali ya bahari, kwa Kimalagasi cha kulekule. Mtambo wake ulikuwa mdogo, lakini safi. Kisha redio kubwa ikasimika mtambo wake Andoany, mji mkubwa wa kisiwa, na chujio lake lilikuwa bovu. Chujio ndilo linalozuia mawimbi yasimwagike nje ya masafa yaliyopangwa. La kwao lilivuja, muziki wao ukaifunika sauti ya Bi Echati. Asubuhi moja onyo lake la upepo halikusikika. Ndugu wawili walitoka na mtumbwi, alirudi mmoja.

Halafu walioshtaki ni wale wa redio kubwa! Eti bibi yule anawaharibia matangazo.

Nilipima siku tatu, nikaandika kurasa mbili: kosa liko Andoany. Mkurugenzi akaniita Mahajanga.

"Unataka nikawaambie wakubwa kwamba bibi mmoja wa pwani ndiye mwenye haki?"

"Kipimo ndicho kinachosema, Bwana Mkurugenzi."

"Basi kipimo chako kimekosea."

Nilipoondoka, kama nilivyokuja kujua, aliuchana ukurasa wa kwanza, akaamuru uchapwe mwingine wa kumtia Bi Echati hatiani, akaubana na ule wa pili uliokuwa na sahihi yangu.

Alikuja mwenyewe Ambondrona na askari, kuuzima mtambo na kuutia lakiri usiwashwe tena. Bi Echati aliisoma karatasi, akanigeukia na kuniuliza kwa Kikomoro, "Mwanangu Saidi, hii sahihi ni yako?"

"Sahihi ni yangu, Bi. Maneno si yangu."

Mtambo ulipozimwa, niliweka redio yangu kizingitini, nikaifungulia kwenye masafa ya Bi Echati, ambako sasa palipaswa kuwa kimya. Ukatoka muziki wa redio kubwa, wazi kabisa. Wavuvi waliokusanyika wakaanza kupiga kelele.

"Zima hiyo!" Mkurugenzi alifoka.

"Mtambo wa Bi Echati umekwisha zimwa, Bwana Mkurugenzi. Bado wa Andoany."

Sikuizima.

Mwezi uliofuata chujio lilibadilishwa kimyakimya, na lakiri ikaondolewa. Hakuna aliyemwomba radhi Bi Echati, wala familia ya yule mvuvi. Mimi nilitupwa Mahajanga kwenye stoo ya vipuri, nikahesabiwa mkorofi mpaka nilipostaafu.

Wanangu hunisihi nisamehe, mambo ya zamani hayo. Sijasamehe. Mkurugenzi yule alifanya unyama, na nitalisema hilo mpaka nife. Lakini ninyi mnaoshika vipimo leo, sikieni na kosa langu. Yule kijana alipozama, nilikuwa nimejua kwa wiki mbili, kwa kusikiliza tu, kwamba Andoany panavuja. Nilikuwa nangoja ruhusa ya kwenda kupima.