Sindano ya Shanga na Hesabu ya Arobaini

Mwezi uliopita mwanangu alianguka na baiskeli hapa mtaani kwetu Area D, tukakimbilia hospitali huku mkono wake nimeufunga kwa khanga. Chumba cha eksirei kilikuwa cheupe, kina feni, na kijana wa zamu hakuhangaika hata kufunga mlango. Alibonyeza kitu, akageuzia kioo cha kompyuta upande wetu, na mfupa wa mwanangu huo hapo, na ufa mwembamba kama unywele.

"Tayari, mama," akasema.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, nasubiri harufu. Kijana akaniuliza harufu gani, nikashindwa pa kuanzia. Basi ngoja nikueleze wewe.

Nyumbani kwetu Mvumi tulipakana na mzee mmoja aliyenuka siki. Ilikuwa ni dawa ya kusafishia filamu, iliyomwingia kwenye ngozi kwa miaka yote aliyofanya kazi katika chumba cha giza cha hospitali. Tulimwita Mzee wa Eksirei, na sidhani kama kuna mtoto aliyelijua jina lake jingine. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao hakuchoka kuurudia: "Nazijua mbavu za nusu ya tarafa hii, lakini sura ya mtu sijapiga hata moja."

Ilipokuja mashine mpya, naye muda wake wa kustaafu ukawa umefika. Walimuaga kwa pilau na soda, wakamruhusu aondoke na boksi moja la filamu zilizopitwa na muda na madumu mawili ya dawa. Sisi tulidhani anaenda kuzitumia kuezekea banda la kuku.

Ilikuwa likizo ya Juni. Uwele umeshavunwa, upepo wa kipupwe unagonga mabati mchana kutwa, na kila uani unasikia mchi. Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na kumi na miwili, na kwa miaka hiyo miwili alinitawala kama askari. Mama alitutuma kupeleka bakuli la karanga kwa jirani. Tukamkuta mzee amejifungia stoo, kati ya magunia, anaziba nyufa kwa matambara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ingieni haraka mfunge mlango! Sasa tazameni ukutani."

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha macho yakazoea giza, na pale ukutani nikaona uwanja wote wa nje: anga chini, ardhi juu, na Bibi, mke wa mzee, anapepeta uwele akiwa kichwa chini miguu juu! Makapi yalipeperuka ukutani bila sauti. Dada alipiga kelele, akanishika mkono hadi ukauma. Vyote hivyo vilipita kwenye tundu la msumari mlangoni.

"Hiyo ndiyo kamera," akasema mzee. "Giza na tundu. Nataka kumpiga picha yule mama pale nje. Lakini mikono yangu inatetemeka, na macho yameingiwa na mtoto wa jicho. Nahitaji vidole vyenu."

Rafiki yangu, sijawahi tena kuitwa kazini kwa heshima kama ile.

Tulitafuta kopo la maziwa ya unga, tukalipaka ndani masizi yaliyokorogwa kwa gundi. Ubavuni tukakata kidirisha, na juu yake tukabandika kipande cha bati laini la kopo la soda. Tundu lenyewe lilitobolewa kwenye kile kibati, na hapo ndipo vita vilipoanzia. Mara ya kwanza tulitumia sindano ya gunia, tukidhani mwanga mwingi ni picha nzuri. Ikatoka ukungu mtupu, kama mtu amepulizia kioo.

Mzee hakutugombeza. Aliomba rula. Akatufundisha kulaza sindano kumi kando kwa kando na kuzipima kwa pamoja, kwa sababu moja peke yake huwezi kuipima kwa jicho. Sindano kumi za nguo zilijaza milimita nane. Zile za Bibi za kutungia shanga zilijaza milimita nne, yaani nusu. "Sukuma kidogo tu," alisema, "kisha sugua kinundu kwa msasa, kisha sukuma tena." Nilitoboa vibati hadi vidole vikavimba, nikivishika juani kuona kama duara ni safi.

Tundu la nguo lilihitaji kuachwa wazi hesabu ya kumi juani. Dada akasema tundu la shanga, kwa kuwa ni nusu yake, litahitaji ishirini. Tukajaribu: picha ikatoka hafifu, huioni bila kuitafuta. Thelathini, bado. Arobaini, na hapo mti wa mtunduru wa uani ukatokea na miiba yake yote, unaweza kuihesabu! Mzee alicheka kwa furaha. Akachora chini kwa kidole tundu dogo na tundu kubwa, akatuonyesha kwamba yale madogo manne ndiyo yanajaza lile kubwa moja. Dada aliandika kila kitu kwenye daftari: tundu, jua, hesabu, ilivyotoka. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo tulihesabu kwa sauti, kila namba na jina la mboga, "moja mlenda, mbili mlenda, tatu mlenda," ili tusikimbie.

Kila jaribio lilikula kipande cha filamu. Mzee alizikata gizani kwa mkasi, kwa mwanga wa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, na kila siku boksi lilizidi kuwa jepesi.

Tatizo likawa Bibi mwenyewe. Alikuwa Mgogo wa shamba, mwanamke asiyejua kukaa. Tulimweka kwenye kigoda, tukaanza kuhesabu. Kwenye kumi na mbili alinyanyuka kufukuza kuku. Picha ikaonyesha kigoda, na juu yake moshi. Siku ya pili tulipofika ishirini alikumbuka chungu chake jikoni. Mara ya tatu alimjibu mtu aliyemsalimu kutoka njiani, akageuka kabisa, "Mbukwa!" na kipande kingine kikapotea.

Ikafika siku boksi lina kipande kimoja.

Tulikaa stoo watatu. Dada alitaka sindano ya nguo. "Hesabu ya kumi Bibi atavumilia," akasema. Mimi nikasema ya shanga. Tukaanza kutupiana maneno, hadi mzee akanyoosha mkono.

"Kwa tundu kubwa nitapata sura ya ukungu," alisema taratibu. "Ukungu ninao tayari machoni. Nataka kumwona."

Tundu likawa la shanga, na mimi niliyelitetea nikapewa kopo, kile kipande kikiwa ndani, nilichunge. Nililala nalo kitandani, nimeliziba kwa plasta, nikiogopa hata kugeuka.

Kesho yake baada ya ugali wa mchana, Bibi alimwita dada amsuke. Akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta ambako jua linapiga sawasawa, akambana dada katikati ya magoti, akainamisha uso. Nikamtazama. Vidole vilikwenda mbio, lakini uso! Uso ulitulia kama umechongwa, macho yamekazwa kwenye mstari wa nywele. Na dada naye, anayemjua Bibi na kitana chake, hakuthubutu kutikisika.

Niliweka kopo juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabandua plasta. Dada aliona, macho yakamtoka, lakini akakaza shingo. Moja mlenda. Mbili mlenda.

Nilipofika ishirini na tano nikamwona mbuzi. Mwana-mbuzi mweupe anakuja kunusa kinu, na akikigusa tu, kwisha. Njia ya kumfikia ilipita mbele ya kopo. Nikakumbuka moshi wa kwenye kigoda: anayepita mbio, filamu haimshiki. Nikakimbia! Nilikatiza mbele ya kamera, nikamdaka mbuzi kifuani, nikamfunga mdomo kwa kiganja, huku nahesabu kimoyomoyo. Arobaini. Nikarudi kuziba tundu na mbuzi bado kwapani.

Stoo, mikono ya mzee iliyokuwa ikitetemeka nje ilitulia kwenye dawa, kana kwamba ilikuwa imefika kwao. Tukainama chini ya ule mwanga mwekundu. Kwanza ukaja ukuta, kisha kigoda, kisha kichwa cha dada, nusu kimesukwa. Kisha Bibi. Makunyanzi, chale za mashavuni, mdomo uliobanwa. Mahali pa mikono kulikuwa na wingu tu.

Tulitoka nayo mbio, bado inachuruzika maji. Ilikuwa kama filamu za mifupa zilivyo, palipo peusi ni peupe, palipo peupe ni peusi. Bibi aliinyanyua kuelekea jua.

"Mmenifanya mzungu!" akasema. "Na mikono yangu iko wapi?"

"Ilikuwa kazini," akajibu mzee.

Bibi akaitazama tena kwa muda mrefu. "Lakini nywele hizi nyeusi," akasema kwa sauti ya chini, akizigusa mvi zake, "hizi ni zangu za zamani."

Mzee akaipokea, akaisogeza hadi ikakaribia kugusa jicho. Yeye alizoea kusoma weusi kama weupe, hakuhitaji kugeuziwa. Alisimama hivyo hadi dada akaanza kujikuna mguu. Kisha akasema tu, "Kumbe," na akaingia ndani.

Kila asubuhi baada ya hapo tulimwona dirishani na ile filamu, hadi macho yalipopofuka kabisa. Nilikuwa sekondari alipofariki. Bibi aliiweka picha mfukoni mwa koti alilozikwa nalo mzee. Niliposikia nilimfuata nikiwa na hasira za kitoto.

"Bibi, ilikuwa moja tu!"

"Mimi sura yangu naijua," akasema. "Yeye ndiye aliyeihangaikia."

Bibi naye ametangulia. Stoo ilianguka mvua za masika, na pale uani pamejengwa nyumba ya tofali za saruji yenye dishi juu ya bati. Hospitali sasa hazina chumba cha giza, na kijana wa zamu haijui harufu ile. Nami nikitaka kumkumbuka Bibi, hunijia kwanza kama filamu ilivyomchukua, uso mweupe na nywele nyeusi za ujana. Hunibidi nitulie kidogo, nimgeuze taratibu, mpaka awe yeye.