Mkalimani Aliyekuja Mamboya

Kwenye kumbukumbu ya vita vya Majimaji hapa Mamboya, mkalimani wa mgeni aliyetumwa na serikali ya Ujerumani alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na kila mara kabla ya neno zito alifuta miwani. Mimi, katibu wa kamati, niliyejinyonga kwa tai kwa heshima ya historia, nilipiga makofi hata kabla hajatafsiri. Bibi Yusta, mzee wa kijiji, akasimama na kumgeukia mkalimani. "Mwanangu, muulize. Babu zetu walichomewa mashamba na Mjerumani wakafa njaa. Waliuawa, au walikufa tu?" Mgeni akajibu kwa kirefu. Nikapiga makofi, peke yangu. Mkalimani akafuta miwani. "Bibi, anasikitika sana. Lakini neno 'mauaji ya kimbari', wakubwa wake hawajamruhusu kulitamka." Akampelekea kipaza sauti. "Litamke wewe, bibi."