Mimi Ndiye Niliyefunga Sufuria

Mtu akinialika chakula cha mchana siku ya Jumamosi, natafuta kisingizio. Mara nina mafua, mara nina mgonjwa wa kutazama. Wengine wanasema nina maringo. Acha waseme. Wao hawakuzipitisha Jumamosi zao za ujana wakiwa wamesimama na sinia mkononi, wakitabasamu mpaka mashavu yanauma.

Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili tulikuwa tunakaa Ngara, mimi na mama, katika nyumba ya mawe ambayo babu aliinunua kwa Wahindi waliokuwa wakihamia Uingereza. Babu alikuwa mtu wa Mombasa, amekuja Nairobi kuuza vitambaa. Nyumba ilikuwa na baraza mbele, ua katikati, vyumba vimeuzunguka ua, na sakafu ya vigae vya maua mekundu na ya kijani ambavyo havijawahi kung'oka hata kimoja. Sebuleni kulikuwa na shubaka dogo ukutani, ambamo wenyewe wa kwanza walikuwa wakiweka taa ya ibada yao. Bibi alipohamia alilifuta vumbi, akaweka msahafu, mambo yakaishia hapo.

Baba alipofariki tulibaki wawili. Kaka zangu walikuwa Dubai, wanakuja Idi, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Nyumba ikawa kubwa mno. Mama alianza kulala na taa ya ua ikiwaka, na mimi nikaanza kuogopa kuchelewa kurudi hata nikienda sokoni tu.

Ndipo akatokea yule mama wa Lavington. Alikuwa anapenda nyumba za zamani kama wengine wanavyopenda dhahabu, na alikuwa na kundi lake, watu wa mitaa ya matajiri ya Lavington na Kitisuru waliochoka kukaa ndani ya kuta zao wikendi. Walikuja Jumamosi moja kutembea Ngara, kutazama majumba ya mawe kabla hayajabomolewa yote. Wakasimama langoni petu juani, wanatazama paa letu la bati. Mama yangu ni mtu wa Pwani. Mtu akisimama mlangoni pake saa ya chakula, hamwulizi amefuata nini. Akawaambia, "Karibuni ndani, mmeshakula?" Watu kumi na mmoja! Wakaingia, wakala samaki wetu wa kututosha siku mbili, wakaondoka wakisema hawajaona nyumba kama ile.

Wiki iliyofuata wakarudi. Ikawa mazoea. Ijumaa yule mama anamtuma dereva wake alete mchele na nyama, Jumamosi tunapika, saa sita na nusu wanafika. Mama yangu akafufuka. Nasema kweli, alirudi kupaka wanja. Alinunua sahani mpya, akaazima viti kwa jirani yetu Kalasinga, akawa anaimba akikatakata vitunguu. Nani angemwambia basi, imetosha? Si mimi.

Kazi yangu ilikuwa mbili. Kwanza kupika biriani, pili kuieleza nyumba. "Hebu waambie ile kitu ya shubaka," yule mama wa Lavington angeniambia, na mimi naanza: hapa waliweka taa, hapa bibi akaweka msahafu. Nawapitisha uani, nawaonyesha dirisha la kimia ambapo wanawake walikuwa wakichungulia wageni wa kiume bila kuonekana. Kila Jumamosi lazima mmoja aniombe nikae nyuma ya dirisha aone inavyokuwa. Nakaa. Wanapiga picha. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nina diploma ya kuchora ramani za majengo, na nimekaa nyuma ya kimia kwa ajili ya mtu aliyekuja na kofia ya jua. Nilikuwa nataka kupiga kelele.

Mara moja bwana mmoja wa Kitisuru aliugonga ukuta wetu kwa vidole, akaniambia, "Una bahati sana. Mimi ningekuwa wewe nisingetoka humu." Nilicheka naye. Kisha nikaingia jikoni nikalia kwenye kanga ya mama, nikaosha uso, nikatoka na achari.

Sasa ile biriani. Haikuwa ya Kimombasa, ambayo wali uko mbali na mchuzi uko mbali. Bibi alifundishwa na jirani wake Mhindi Mwislamu biriani ya kufunga: unapanga nyama na wali tabaka kwa tabaka, unaweka kifuniko, kisha unazungushia ukingo wote kinyunya cha unga mpaka hakuna mvuke unaotoka. Makaa chini, makaa juu. Ukishafunga huwezi kuchungulia. Unasikiliza tu na kunusa, unapunguza moto, unazungusha sufuria. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na sheria: aliyefunga ndiye anayefungua. Yeye ndiye anayejua ameweka maji kiasi gani na nyama imelala wapi. Mwingine akiingilia kati, wali unaungua au unakuwa uji, na kila mtu atajua. Aliyefunga haondoki. Saa mbili nzima yuko pale na kibao chake cha kukalia.

Barua ilikuja mwezi wa sita, kipindi cha baridi. Ofisi moja ya wachoraji majengo ilikuwa inafungua tawi Kisumu, na nilikuwa nimeomba kazi bila kumwambia mtu. Wananiita intavyu. Bosi mwenyewe anakuwa Nairobi Jumamosi tu, kwa hiyo nije Jumamosi, saa sita kamili, katikati ya mji. Kutoka kwetu ni kushuka, kuvuka mto, kupanda kidogo. Dakika ishirini kwa mguu! Niliisoma barua ile chooni, nimejifungia.

Nilikuwa naitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Kisumu sikuwajua watu wala mitaa, na hicho ndicho nilichokipenda. Nilijiona nimekaa kwenye meza yangu, nachora nyumba ambayo bado haijajengwa na ambayo hakuna mtu atakayeniambia nikae ndani yake.

Niliiweka barua chini ya godoro. Nikapanga kumwambia mama Jumatano. Jumatano alikuwa na maumivu ya goti. Alhamisi alikuwa na furaha, sikutaka kumharibia. Ijumaa alipotoka kuswali alisema, "Wallahi, Mungu asingetuletea hawa wageni ningekuwa nimeshakufa." Sasa hapo nianzie wapi? Nilikunywa chai yangu. Nikajiambia, kesho asubuhi, lazima.

Jumamosi saa tano kasorobo nilikuwa uani, tabaka zimeshapangwa, kinyunya kimeshakandwa, nasubiri mama atoke nimwambie. Mama akatoka chumbani, amekunja mikono ya deira mpaka viwikoni. Akasema, "Leo nitafunga mwenyewe. Wewe kaoge."

Inabidi nieleze hapa, maana asiyelelewa kwetu hawezi kuelewa nilichofanya. Nyumbani kwetu mama akisema "nitafanya mwenyewe," ana hasira. "Nitafagia mwenyewe" maana yake mbona hujafagia mpaka sasa. "Nitachota maji mwenyewe" maana yake umekuwa bwanyenye. Tangu niko mdogo, nikisikia neno hilo nakimbia namnyang'anya fagio mkononi, naomba radhi, ndipo panapopoa. Ukimwachia akafanye kweli, utanuniwa siku tatu, na shangazi zako wote watapata habari.

Basi nikamnyang'anya. "Aka, mama! Wacha nifunge."

"Nimekwambia nitafunga. Kaoge, uvae."

Mara mbili! Nikajua leo nimekwisha, sijui nimemkosea nini. Nikachukua kinyunya nikaanza kukizungusha mbiombio, nabana kwa kidole gumba, huku nikisema, "Pumzika mama, goti lako hilo, nitafunga mimi, si ndiyo kazi yangu?" Nilipomaliza mzunguko nikainua uso. Alikuwa bado amesimama, mikono yake mitupu. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Akaingia ndani taratibu.

Ilinichukua kama dakika nzima kujua nimefanya nini. Nilikuwa nimeinama napanga makaa juu ya kifuniko, mkono wangu ukasimama hewani. Ala! Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimejifunga pale mpaka saa saba.

Nikakaa kwenye kibao. Saa tano na nusu ndiyo saa niliyopanga kutoka, nikaiona ikipita kwenye saa ya ukutani ya sebuleni, maana mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuinuka. Hakuna aliyenishika. Ningeweza kumwita mama nikamwambia, haya kuna intavyu, shika sufuria, na biriani iungue na wageni wale mkate. Nikawa napepea makaa yasiyohitaji kupepewa.

Saa sita kasoro dakika kumi nikavua viatu vyangu vizuri ambavyo nilikuwa nimeshavivaa chini ya deira. Saa sita kamili nilikuwa nazungusha sufuria robo mzunguko. Nilikuwa na hasira na mama, nikamtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Nilimwona ndiye aliyenifunga kamba.

Wageni wakafika. Milango ya magari, mabusu ya mashavuni, "ooh, hiyo harufu!" Yule mama wa Lavington akaja uani na watu wake, akasema, "Msiguse, huyu ndiye fundi wetu, leo mtaona akifungua." Wakanizunguka na kamera. Mmoja akauliza kama naishi humo kwelikweli au nakuja kwa ajili ya wageni tu. Nikamjibu nimezaliwa humu. Akasema, "Inapendeza sana." Nikapasua kinyunya kwa kisu, mvuke ukapanda, wakapiga makofi. Wali ulikuwa umetoka punje kwa punje. Sijawahi kupika biriani nzuri kama ile, na ningeimwaga yote mtaroni.

Walipokuwa wanakula, mama akanifuata jikoni. Akafunga mlango nyuma yake.

"Kwani hukwenda?" akauliza.

"Wapi?"

"Mjini. Kwenye intavyu. Barua niliiona Jumanne, nilipobadilisha shuka." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini kwa sababu ya wageni. "Nimekwambia nitafunga mimi. Nimekwambia kaoge uvae. Mara mbili nimekwambia."

"Si ungesema tu, mama! Ungesema umeiona!"

"Na wewe si ungesema?"

Kutoka sebuleni mtu alicheka, vijiko vinagonga sahani. Mama akachukua buibui langu kwenye msumari akanitupia. "Nenda sasa. Kimbia. Mwambie mama alikuwa mgonjwa, mwambie chochote."

Nilikimbia. Nilivuka mto nikipishana na wachuuzi wa mitumba, jasho linanitoka, nanuka zafarani na moshi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Nilimkuta yule bosi koridoni, koti mkononi, anafunga mlango kwa ufunguo. Mzee mpole, si mtu mbaya hata kidogo. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane kasorobo.

"Ulikuwa wa saa sita," akasema. "Kulikuwa na nini?"

Njiani nilikuwa nimeandaa ugonjwa wa mama, nimeupanga vizuri. Lakini mbele yake kweli ikanitoka mdomoni. Nikasema, "Tulikuwa na wageni."

Akasema kwa upole kabisa, "Na Kisumu, wageni wakija siku ya kazi, itakuwaje?"

Leo naweza kumjibu kwa namna kumi. Akanipa mkono, akaniambia michoro yangu aliipenda, nafasi ameshampa mwingine saa saba, nijaribu tena siku nyingine. Akashuka ngazi akaniacha pale juu.

Nilirudi polepole. Magari ya wageni yalikuwa yameshaondoka. Mama alikuwa amesimama nje, langoni, kichwa kimefunikwa leso tu, na mama yangu hasimami barabarani hivyo. Aliponiona akashuka hatua mbili.

"Wamekuchukua?"

Nilimwona alivyovishika vidole vyake. Nilijua nikisema kweli atajua ni ile sufuria, na ataanza kujilaumu, na mimi nitamwacha ajilaumu kwa sababu nilikuwa bado na hasira. Nikasema, "Wameipenda kazi yangu. Watapiga simu."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanishika mkono tukaingia ndani.

Jumatatu aliwakataza shangazi zangu kumpigia mchana, ati laini isije ikawa na watu. Alihamisha kiti chake kutoka uani akakiweka ukumbini karibu na simu, akawa anachambulia mchele palepale. Nilimwambia kazi za namna ile huchukua muda. Akasema anajua, hana haraka. Jumamosi alifunga sufuria mwenyewe na hakuniruhusu kuigusa, nisije nikakosekana wakipiga. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Simu ikilia, goti lake lile baya na yote, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuinuka.