Gari ya Kubeba Mabibi Arusi

Wanaume wakizungumza juu ya gari, mate huwajaa mdomoni. Nimewaona kwa macho yangu, watu wazima wenye wajukuu, wanaipapasa gari ya mwenzao matakoni kama ng'ombe wa sokoni, huku mate yanakusanyika kwenye pembe za midomo. Wakati binti yangu alipotafuta gari, nilishiba mate yao. Hata leo nikikumbuka, natema.

Binti yangu ni mjane. Mume wake alikuwa mvuvi wa hapa Uvira, mwenye mitumbwi na nyavu zake, homa ikamchukua kwa muda mfupi. Kilio kilipokwisha, wakubwa wa upande wa mume walikaa wakaongea. Kaka mkubwa wa marehemu alisimama na koti lake la arusi za watu, akasema mbele yetu sote: "Mitumbwi na nyavu tunamwachia mama watoto. Auze, afanye biashara moja tuone. Akipoteza, watoto wanakuja kwangu."

Alisema hivyo huku anatafuna nyama ya kilio. Kipande cha mafuta kilikuwa kimeganda kwenye kidevu chake. Nilimwangalia nikaona hata kuku wangu siwezi kumwachia, sembuse wajukuu.

Basi biashara gani? Ndagala wa ziwani kila mtu anauza. Vitenge kila mtu anauza. Binti yangu akakaa mlangoni siku nyingi, nikafikiri uchungu umemfunga akili. Kumbe alikuwa anaangalia barabara. Jumamosi moja akaniambia: "Mama, unaona zile arusi? Watu wanapita kwa wafanyabiashara kuomba gari kama wanaomba chumvi. Wengine wanaita gari kutoka Bujumbura. Minye nataka gari ya fahari moja, niikodishe kwa mabibi arusi."

"Pesa ya nyavu inaweza gari ya fahari?"

"Mpya, hapana. Ya zamani iliyotunzwa vizuri, iko inaweza."

Sikumaliza hata darasa la tatu la primere, lakini nikisikia akili naijua. Nilijivuna. Nilimwambia tutaenda wote, mimi, yeye, na binti yake mkubwa, na tubebe ile robu, gauni aliloolewa nalo binti yangu, iliyokuwa kwenye valizi chini ya kitanda. Robu yenyewe ni pana, ndani ina waya za duara kama kitunga cha kufunikia kuku. Binti yangu akashangaa.

"Robu ya kufanya nini, mama?"

"Weye unanunua gari ya mabibi arusi. Utaipima na nani? Na mimi mwenye kitenge?"

Gari ya kwanza tuliiona Kimanga, mbele ya duka la vipuri. Nyeusi, ndefu, imelala chini kama mamba aliyeshiba. Ndani kulikuwa na vitufe vingi kuliko vifungo vya kasisi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani meusi, akitufungulia mlango kwa kidole kimoja, kama vile sisi ndio wachafu.

Mjukuu wangu akavaa robu nyuma ya duka, akaja. Vijana wa Kimanga wakapiga miluzi. Akainama kuingia, waya za mbele zikagonga mlango, robu yote ikapanda juu, ikamfunika kichwa. Miguu ikabaki nje, na kaptura yake ya michezo watu wote wakaiona.

"Koko, nivute!" aliniita mimi bibi yake kutoka ndani ya vitambaa.

"Bibi arusi amemezwa!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakaangua kicheko.

Nilimvuta kwa kiuno. Muuzaji akasema eti mabibi arusi wa siku hizi wanavaa robu nyembamba. Nikamuuliza: "Weye umeoa?" Akasema bado. "Basi nyamaza." Fundi wa garaji aliyekuja nasi akachungulia chini ya tumbo la gari, akacheka. Alisema mawe ya mto Mulongwe yataipasua siku ukimwaga udongo barabarani, na mashini yake vipuri havipatikani hapa wala ng'ambo. Ndiyo maana bei ilikuwa tamu. Mtu anauza ugonjwa wake, anauita fahari.

Ya pili ndiyo iliyoniharibu moyo.

Ilikuwa mtaa wa Mulongwe, ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba chenye ukuta mrefu. Komisioneri aliyetupeleka alikuwa mtu wa kununulia na kuuzia watu vitu, mnene, amejipaka marashi mpaka nzi wanapepesuka. Gari yenyewe, siwezi kusema uongo, ilikuwa nyeupe kama maziwa, kubwa, imenyanyuka, viti vya ngozi rangi ya kahawa vinang'aa mpaka unaona meno yako. Binti yangu alipoiona alishika mkono wangu, akakaza.

"Mama," alisema polepole, "hii."

"Iko ya mukubwa mmoja wa mine ya dhahabu," alisema komisioneri. "Alikuwa anapanda Jumapili tu. Bei hii, maman, ni kwa sababu nyinyi ni watu wangu."

"Watu wako tangu lini?" nikamuuliza.

"Koko, weye unapenda kugombana!" Akacheka, na marashi yake yakanifika kooni. Fundi akasikiliza mashini, akasema mashini si mbaya. Komisioneri akamzunguka binti yangu kama inzi kwenye kidonda: kuna mwingine anakuja kuichukua mchana, ataichukua hakika, amelia kwa simu. Nikamwona binti yangu anaingiza mkono kifuani, pale alipofungia pesa ya mitumbwi yote.

"Ngoja," nikasema. "Mtoto akae kwanza."

"Koko, si umeona mlango ni mpana?"

"Akae."

Mjukuu akaingia na robu. Aliingia vizuri, hata waya hazikugonga. Akakaa kama mke wa gavana, akapunga mkono dirishani, sote tukacheka, hata mimi. Komisioneri akapiga makofi. Halafu mtoto akashuka, akageuka.

Matako yote ya robu yalikuwa ya rangi ya machungwa. Mgongo pia. Doa kubwa, lenye kung'aa, linaloteremka mpaka kwenye ukingo, kama mtu aliyekalia sufuria ya mboga. Nikashika kile kitambaa, nikanusa vidole. Mawese. Walikuwa wamepaka viti mafuta ya mawese ili ngozi iliyokauka ing'ae! Mafuta ya kupikia mboga ya sombe! Nikaingiza mkono ndani, nikafuta kiti kwa ncha ya kitenge changu, na chini ya mafuta ngozi ilikuwa imepasuka pasuka kama visigino vya mkulima, na ndani ya mipasuko mawese ya zamani yameoza, yananuka, na siafu wawili wanatembea humo.

Komisioneri hakuona haya. Alisema: "Aa! Robu yenu imechafua kiti yangu!"

Jamani. Nimezaa watoto, nimezika watu, nimefua nguo za wagonjwa wa kipindupindu. Sijapata kusikia uchafu kama huo ukitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye meno ya dhahabu.

"Robu ndiyo imechafua?" nikamwambia. "Weye unapika gari! Ulisahau kutia sombe na pilipili!"

"Mama muzee, heshima!"

"Heshima iko matakoni mwa mjukuu wangu, njoo uiangalie!"

Binti yangu alikuwa amekamata ukingo wa ile robu aliyoolewa nayo, analiangalia lile doa. Mkono wake ulikuwa bado kifuani. Akautoa mtupu. Akafunga kifungo cha blauzi, akasema: "Mama, twende." Komisioneri akatufuata mpaka barabarani akishusha bei, kila hatua anashusha, na kila aliposhusha nilitema mate chini.

Habari zikatembea mbele yetu. Jioni kaka wa marehemu alikuwa ameshafika nyumbani, amekaa kwenye kiti changu mimi, miguu imepanuka.

"Shemeki," alimwambia binti yangu, "nasikia unapima gari na matako ya mtoto. Mji mzima unacheka. Rudisha ile pesa niitunze, na watoto wafunge nguo zao."

Wajukuu wadogo walikuwa mlangoni, wanasikia. Mdogo kabisa akajificha nyuma ya kitenge changu. Binti yangu akaloweka robu kwenye beseni, akaanza kuisugua na sabuni, na bila kuinua kichwa akasema: "Sijanunua bado, shemeki. Sijapoteza bado." Akasugua mpaka maji yakawa ya rangi ya machungwa. Doa halikutoka. Mpaka leo liko.

Ya tatu tuliifuata Nyakabere, kwenye uwanda wa Ruzizi. Fundi alisikia kuna baba mmoja muzee, mfanyabiashara wa mpunga, ambaye macho yake yamekwisha na hawezi tena kuendesha. Tulipofika, gari ilikuwa chini ya paa la mabati pamoja na magunia, na kuku watatu wanalala juu ya boneti. Mavi ya kuku yameteremka kwenye kioo kama mishumaa. Na rangi yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ile ya nepi ya mtoto anayeota meno. Si njano, si kijani, si kahawa. Nikageuka nirudi barabarani.

"Mama, ngoja," alisema binti yangu.

Akafungua mlango. Joto likatoka, na harufu ya nailo iliyopikwa na jua. Viti vyote vilikuwa bado vimevikwa ile nailo ya plastiki ya dukani, imekuwa ya njano, imejaa vumbi, na mahali pa dereva imebandikana kwa jasho la miaka. Nikaziba pua.

"Papa," nikasema, "weye umekalia nailo tangu uinunue?"

"Ndiyo, mama. Ngozi ni ya wageni."

"Na wageni walikuja?"

Akafikiri. "Bado."

Binti yangu akaomba wembe. Muzee akakataa, akasema huko ni kuivua gari nguo. Mke wake ndiye aliyetoka jikoni na kisu, akamwambia: "Watu wanataka kununua, weye unatunza nailo! Sogea!" Akachana mwenyewe nailo ya kiti cha nyuma, kwa furaha, nikaona alikuwa ametamani kufanya hivyo siku nyingi. Chini ya ile takataka kulikuwa na ngozi rangi ya maziwa yenye chai kidogo, laini, nzima, haijakaliwa na mtu. Mjukuu akavaa robu yenye doa lake, akaingia, akakaa, akageuka, akashuka. Sote watano tukamwangalia matakoni, hata muzee asiyeona vizuri aliinama.

Hakuna kitu.

Fundi alilala chini ya gari muda mrefu. Alipotoka alisema mashini ni ileile ya zile gari za jipu zinazobeba mizigo kwenda Fizi, vipuri viko sokoni, na tumbo lake liko juu ya mawe. Klimatizeri ilipuliza baridi mpaka kuku mmoja aliyekuwa amejificha chini ya kiti akatoka mbio.

"Lakini rangi," nikamwambia binti yangu pembeni. "Bibi arusi gani atapanda kinyesi?"

"Mama, gari nyeupe ziko nyingi. Hii wataikumbuka."

"Watatapika."

"Watapanda." Akaingiza mkono kifuani, na mara hii ukatoka na pesa.

Niliiosha mimi mwenyewe, kwa maji moto, na kijiti cha kutolea mavi kwenye mianya ya milango. Wiki nzima mikono yangu ilinuka banda la kuku. Binti yangu alijifunza kuendesha na yule fundi kando ya ziwa, asubuhi, kabla wavuvi hawajatandaza ndagala. Sikusema kitu cha sifa, lakini nilikuwa nakwenda kusimama pale ili watu waone huyo ni mtoto wa nani. Na mabibi arusi walikuja. Wa kwanza shangazi zake waliguna juu ya rangi, wakanuna, halafu wakaingia kwenye ile baridi na ngozi ile, na hawakutaka kushuka. Mmoja alijaribu kuingia na sahani ya samaki mukeke wa kukaanga. Nilimnyang'anya, nikala mwenyewe barabarani.

Halafu kaka wa marehemu akaja tena. Safari hii hakukaa kwenye kiti changu, alisimama, kofia mkononi. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Shemeki," alisema, na lile neno lilimtoka kama mtu anayemeza mfupa, "sisi ni jamaa moja. Unatupatia gari ya familia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, ya zamani na mapya. Lakini binti yangu alikuwa ameshajibu.

"Binti yako atapanda, shemeki. Bei ni ya watu wote. Mbele naendesha mimi, na pembeni yangu anakaa mama."

"Na mimi baba yake?"

Watoto walikuwa mezani na madaftari yao, wote. Aliwaangalia. Juu ya kuwachukua hakusema kitu siku ile, wala tangu siku ile hajasema.

Jumamosi nilikaa mbele. Yeye alitufuata kwenye pikipiki ya taksi-moto, koti lake limejaa upepo, anakula vumbi letu mpaka kanisani.