Chokaa ya Mwaka wa Tatu

Swali langu lilikuwa moja tu, na nililiuliza mpaka wenzangu wakanichoka. Kwa nini lile jiwe jeupe, likishachomwa tanurini na kupoa kabisa, ukilimwagia maji linachemka bila moto? Nililishika mwenyewe, baridi. Tukalimwagia maji, likatoa mvuke, likapasuka, likawa unga wa chokaa tuliopaka kuta za kanisa la misheni pale Matombo. Watu waliokuja kutazama walisema hiyo ni dawa ya Wajerumani. Mimi sikutaka dawa, nilitaka sababu.

"Mwaka wa tatu," alinijibu padre, kila nilipomuuliza.

Padre alikuwa Mjerumani mwenye ndevu nyekundu, na ndiye aliyetupangia masomo ya sayansi sisi vijana wanne tuliokuwa tunaandaliwa kuwa walimu. Aliyaandika ubaoni kwa chaki na akatukataza kuyafuta. Mwaka wa kwanza, hesabu na vipimo. Mwaka wa pili, joto, mwanga na nguvu. Mwaka wa tatu, kemia. Atakayemaliza yote angepelekwa pwani, kwenye nyumba ambamo wataalamu wa Kijerumani walikuwa wakipima udongo wa mashamba, akafanye kazi nao. Wenzangu walitamani suruali za huko pwani. Mimi nilitamani huo mstari wa mwisho wa ubao, na nilikuwa nikiutazama hata wakati wa sala.

Kabla ya kuanza, padre alimwendea baba yangu kumwomba ruhusa. Baba alikubali siku hiyo hiyo, akapewa kipande cha nguo. Padre akarudi amefurahi kweli. Mama aliposikia, alicheka mpaka akaweka chini ungo wake.

"Kwani mtoto ni wa baba yake?"

Kwetu Uluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, na ukoo ni wa mama. Baba tunampenda na kumheshimu, lakini kwenye mambo ya ukoo wetu yeye ni mgeni aliyeoa. Mwenye kauli ni mjomba. Na mjomba wangu hakuwa mjomba hivi hivi: ndiye aliyeshika ardhi yote ya ukoo kule juu mlimani, na jina alilolibeba lilikuwa la mjomba wake, na la mjomba wa huyo. Siku akifa, mpwa anakalishwa mahali pake na kupewa jina hilo, na akishapewa haondoki tena. Mama na dada zake walizaa mabinti watupu. Mwanamume nilikuwa mimi peke yangu.

Nilimweleza padre. Alikasirika kwanza, akasema baba ni baba duniani kote. Lakini hakuwa mtu mbaya. Siku ya pili alifunga viatu vyake, tukapanda mlima pamoja, yeye akihema na kusimama kila penye mgomba wa kuegemea.

Tulimkuta mjomba amekaa kizingitini, miguu imevimba, ameinyoosha juani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamkaribisha padre kwenye kigoda na kutaka aelezwe masomo yenyewe. Padre akaeleza yote matatu, mwaka baada ya mwaka. Mjomba alisikiliza vizuri kuliko wenzangu darasani. Kisha akanigeukia.

"Wewe unachokitaka ni kipi hapo?"

"Hicho cha mwisho, mjomba. Kemia."

Akamwambia padre, "Basi anzeni na hicho."

Padre akatabasamu. "Haiwezekani, mzee. Asiyejua kupima hawezi kemia. Hesabu ndiyo mlango wake. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu mjomba. Akaibonyeza miguu yake kwa vidole, na vidole vilipoondoka pakabaki mashimo. "Itazame hii, padre. Miaka mitatu mimi sina. Nikifa, huyu anarudi hapa. Mpe anachokitaka kwanza, hivyo vingine atavikuta akijaliwa."

Sijawahi kusikia ruhusa nzuri kama ile. Nilimwangalia padre, na moyoni nilikuwa namsihi kwa lugha zote nilizozijua. Padre alifikiri kwa muda mrefu, na najua alifikiri kwa haki. Halafu akatikisa kichwa. Elimu ina mpango wake, alisema, na yeye hawezi kuezeka nyumba isiyo na kuta. Mjomba hakubishana. Alisema, "Sawa, mwalimu ni wewe," akaagiza tupewe ndizi za kula njiani.

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililonikondesha. Angekuwepo mwongo mmoja ningejua wa kumkasirikia.

Basi tukapima. Tulipima maji, mchanga, mahindi, hata kengele ya kanisa. Niliiweka mizani ya padre sawa kwa pumzi iliyobanwa, huku sikio langu liko mlimani. Kila mtu aliyeshuka kuja misa nilimuuliza hali ya mjomba kabla sijamwamkia sawasawa. Nilijifunza haraka, nikidhani nikikimbia nitaufikia mwaka wa tatu mapema. Padre alinisifu, lakini hakunirukisha hata somo moja.

Mjomba alifariki tukiwa kwenye somo la nguvu, mwaka wa pili ukikaribia kuisha. Kemia ingeanza baada ya Pasaka.

Watu wameniuliza kwa nini sikukimbia. Kukimbilia wapi? Mama zangu wote, wakubwa na wadogo, walikuwa wanalima ardhi ile, na bila mtu wa kukaa mahali pa mjomba ingegombaniwa na kila mwenye jembe. Walinikalisha, wakanifunga kaniki, wakanipa jina la mjomba. Nililia, na wazee wakaniacha nilie, wakidhani namlilia mjomba peke yake.

Padre alipanda mlima kuja matangani. Tulikaa nyuma ya nyumba, penye migomba. Kisha, bila kuulizwa, akaanza.

"Lile jiwe," alisema. "Linapochomwa, kuna kitu kinatoka ndani yake, hewa usiyoiona. Linabaki na njaa. Sasa ukilipa maji..."

Nilisogea karibu. Upande wa mbele wa nyumba wanawake wawili walikuwa wanagombea mpaka wa shamba, na mzee mmoja akapaza sauti kumwita mjomba kwa jina lake. Akaita tena. Mimi nilikuwa namtazama padre mdomoni, nasubiri maji.

Padre akageuza sikio kule mbele. Akaniwekea mkono begani.

"Nenda," akasema. "Unaitwa wewe."