Uchafu wa Rimma

Kuna watu ukiwaambia mikono yao michafu, wanacheka yanaisha. Rimma Zakharovna hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo. Miaka kumi na tisa alishinda kwenye chumba cha baridi cha taasisi, katika mji mdogo wa wanasayansi kando ya Volga, kavaa koti zito hata mwezi wa Julai, akitoa ribosomu ndani ya bakteria. Vile vijiwanda vidogo vinavyounda protini katika kila kiumbe hai vinataka baridi na subira, na subira ya Rimma, jamani, hata mimi ilinishinda.

Wenzake waliosha ribosomu mara tatu kwa chumvi kali mpaka zing'ae. Yeye alizisuuza mara moja tu, kwa chumvi hafifu. Aligundua mwenyewe kwamba ukiosha sana, protini mpya zinatoka zikigandana, na kichupa kinakuwa cheupe kama maji ya mchele. Vichupa vyake vilibaki angavu. Ila kwenye vipimo, ambamo kila protini huonekana kama mstari, ribosomu zake zilionyesha mstari mmoja wa ziada ambao za wengine hazikuwa nao.

Akamwambia Gleb, mkuu wa maabara, wakinywa chai. Wawili hao walianza kazi mwaka ule ule. Mke wa Gleb alipolazwa, Rimma ndiye aliyempikia supu ya kabichi majira yote ya baridi.

"Gleb, ule mstari si uchafu. Kuna kitu kinakaa mlangoni pa ribosomu, kinapokea protini inapotoka, kama mkunga. Chumvi kali inakifukuza."

"Mkunga!" Gleb alicheka mpaka chai ikamwagika. "Rimmochka, we osha tu. Kufikiri tuachie sisi."

Jumatatu yake, mbele ya watu arobaini, Gleb akasimama akasema kazi ya miezi minane imeharibika kwa mikono michafu ya Rimma Zakharovna. Mtu aliyekula supu yake! Akaandika agizo: kuosha mara tatu, chumvi kali, hakuna mjadala. Wakatia sahihi wote wawili, yeye na Rimma, karatasi ikabandikwa mlangoni pa chumba cha baridi. Rimma akashushwa chini kuosha chupa.

Kibaya zaidi, alimwamini. Kila jioni alizitazama kucha zake chini ya taa, akazisugua kwa brashi mpaka zikachubuka.

Mwaka wa tatu akakuta jarida limeachwa mezani kantini. Picha ya Gleb, na ugunduzi wa Gleb: protini msaidizi inayokaa mlangoni pa ribosomu. Chini yake picha ya kipimo, mstari ule ule, na tarehe: Machi kumi na nne. Rimma aliikumbuka vizuri, maana siku hiyo alikuwa na homa na akakataa kwenda nyumbani. Kumbe vichupa vyake vya ribosomu havikutupwa kama alivyoambiwa, Gleb alivificha kwenye barafu. Jina lake halikuwamo popote. Lakini neno "mkunga" lilikuwamo, mara mbili.

Alikaa pale mpaka uji wake ukapoa. Kuibiwa angevumilia. Kilichomchoma ni ile miaka mitatu ya kujiona mchafu, na Gleb akimsalimia kila asubuhi ngazini, akijua.

Basi vichupa vya barafuni vikaisha, na wajumbe kutoka Moscow wanakuja kujionea ugunduzi huo. Hakuna aliyeweza kutengeneza vingine, maana kipimo cha chumvi alikijua Rimma peke yake. Gleb akashuka chini na boksi la chokoleti.

"Rimmochka, nifanyie kama ulivyokuwa ukifanya zamani."

"Nitafanya. Ila kwanza uniandikie kwamba ile ilikuwa njia yangu, na mikono yangu haikuwa michafu."

"Aa, mimi na wewe tuandikiane makaratasi? Tumetoka mbali."

"Basi sawa," alisema Rimma, akamrudishia chokoleti yake.

Siku ya wajumbe, Gleb alizichukua ribosomu alizoletewa na Rimma, akachanganya kwa madoido, akainua kichupa kwenye mwanga. Kikawa cheupe pepepe. Akachanganya cha pili, nacho hivyo hivyo.

"Umefanya nini?" alimnong'oneza Rimma, jasho likimtoka.

Rimma akajibu kwa sauti, chumba kizima kikasikia. "Nimeosha mara tatu, kwa chumvi kali, Gleb Arkadyevich. Agizo bado liko mlangoni, na sahihi yako ipo."

Mjumbe mmoja mzee akavua miwani. "Sasa vile vya kwenye jarida mlioshaje?"

Gleb alijua tu kwamba chumvi kali haifai. Kipimo chenyewe hakuwahi kuuliza, na hakuwahi kusimama kwenye chumba cha baridi zaidi ya dakika mbili. Akamgeukia Rimma.

"Rimmochka, hebu waeleze."

"Mimi naosha chupa, Gleb Arkadyevich. Kufikiri nimewaachia nyinyi."

Akatoka. Ngazini ndipo alipolia, akijifuta kwa mikono yake miwili.