Bakari, Walii wa Vitabu Asivyovimaliza

Vitabu vya Bakari ukivitazama ubavuni utadhani vimechovywa kwenye chai. Kurasa za mwanzo zimeingia weusi wa vidole, nyingine zina mafuta ya viazi karai, halafu ghafla, kuanzia kama ukurasa wa thelathini, ni weupe mtupu mpaka mwisho. Anavyo arubaini na kitu, na kila kimoja kimechomekwa risiti ya saruji pale alipokomea. Mwenyewe husema, kahawa ikishamkolea, kwamba yeye ni msomaji wa mlangoni. Hupiga hodi, akakaribishwa, akanywa maji, akaaga; vyumba vya ndani hajawahi kuviona. Siku hizi husema hayo mbele za watu na kujicheka mpaka machozi yakamtoka. Zamani hakuthubutu, na alivyofika hapo ndiyo habari yenyewe.

Kazi yake ni kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi huko Likoni, njia ya Mtongwe. Baina ya mteja wa misumari na mteja wa mabati mna nafasi ya kutosha ya kusoma, na Bakari nafasi hiyo huitumia vizuri sana kwa kusinzia. Lakini kusifia kitabu! Hapo ndipo Mola alipomjalia. Mpe jalada na maneno mawili ya nyuma yake, atakueleza mpaka uone mate yanakujaa kinywani. Na kwa kuwa alipenda mno kuonekana msomaji, na usomaji wenyewe ukamlemea, aliona hakuna ubaya kuushika ule upande mwepesi.

Wasomaji wenzake walikuwa watatu. Abdulghani, fundi cherehani, ndiye mwenye baraza walipokutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Ishaka, mwuza kuku, alisoma polepole na kukumbuka kila kitu, jambo lililomkera Bakari kupita kiasi. Wa tatu ni Mwanarusi, mjane wa miaka thelathini na nane, anayeandika kadi za wagonjwa kwenye zahanati. Huyu alisoma kila kitabu mara mbili: mara moja peke yake, na mara ya pili kwa sauti, akimsomea mamake, Bi Mejumaa, ambaye macho yake yameshikwa na mtoto wa jicho.

Hapo barazani kitabu hakiazimwi, huozwa. Anayekisifu ndiye walii wake. Husimama nacho mkononi, akaeleza ukoo wake na tabia zake, kisha akatamka mbele ya wenzake kwamba amekisoma jalada kwa jalada na hakijui kwa aibu yoyote iliyofichwa. Anayekitaka husema, "Nimekubali," akaenda nacho kwake. Kikimshinda hukirudisha, na hapo ndipo penye moto. Walii hana budi aende nyumbani kwa aliyekirudisha, aketi, akisome kwa sauti, mpaka ijulikane kosa ni la kitabu au la msomaji. Jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu, Ishaka alipomwoza Abdulghani kitabu cha ufugaji wa kuku, akishikilia kwamba mna hadithi ndani.

Bakari alikuwa ameoza vitabu kuwashinda wote. Wallahi hakuitia kamwe, maana alimwogopa Mungu. Alisema tu, "Nimekisoma kabisa kabisa," akidhani malaika hawaandiki kabisa kabisa.

Sasa, Bakari alimtaka Mwanarusi, tena kwa kheri. Mkewe wa kwanza waliachana kwa wema miaka sita nyuma, na tangu hapo alikula wali wa mgahawani akajionea huruma. Mjomba wake wa Bofu alikwishakubali kupeleka barua ya posa mwezi ukiandama.

"Na huyo mwanamke, kakupendea nini?" mjomba aliuliza.

"Vitabu, mjomba."

Mjomba, aliyemlea na kumlipia shule, alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi moja Bakari alisimama barazani na riwaya nene ya jalada la kijani. Alikuwa amesoma kurasa thelathini na moja, nyingi kwa kiwango chake, na alikuwa amecheka kwelikweli. Alimgeukia Mwanarusi. "Dada yangu, hiki ni cha mama. Mna bi kizee mwuza mahamri, ana mdomo huyo! Majirani wakimwona wanapitia uani. Kitamchekesha Bi Mejumaa mpaka ateme tambuu. Nimekisoma kabisa kabisa."

"Nimekubali," akasema Mwanarusi, na akatabasamu. Bakari alirudi nyumbani siku hiyo haoni njia.

Jumamosi iliyofuata Mwanarusi alifika wa mwisho. Hakuketi. Alikiweka kile kitabu juu ya meza ya Abdulghani ya kupigia pasi, akasema, "Nakirudisha."

"Alaa! Kina nini?" akauliza Bakari.

"Wamemhamishia banda la kuku."

"Nani?"

Ishaka aliinua macho taratibu kutoka kwenye kikombe chake. Bakari akakohoa, akasingizia kashata.

"Bi kizee wako," akasema Mwanarusi. "Ulisema ni cha mama, nikaanza naye kabla sijakisoma mwenyewe. Mwanawe mkubwa ameoa, mke kasema nyumba ni ndogo, basi mama wamemtandikia bandani. Mama yangu tangu Jumatano hali chakula cha maana. Amesikia fununu za barua ya mjomba wako, kaka Bakari. Ananiuliza kama kitabu ndiyo salamu uliyomletea, ajue mapema atakakowekwa."

Lile Bakari aliloliendea miaka miwili, kwa vitabu kumi na kimoja, lilikuwa linamponyoka juu ya meza ya pasi, na yeye hata hakujua huyo bi kizee alihamishwa lini, wala kwenye ukurasa gani.

"Kesho alasiri," akasema Abdulghani kwa upole. "Kanuni ni kanuni, sheikh. Utakwenda kukisoma."

Jumapili asubuhi Bakari aliapa, na safari hii alitia wallahi, kwamba atakisoma chote kabla ya alasiri ili akaingie kwa watu akijua aendako. Alifunga dirisha, akazima simu, akachemsha chai ya tangawizi. Kilichomwamsha ni adhana ya adhuhuri. Alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na nne, nao umemgandia shavuni.

Kwa Mwanarusi alikuta mkeka umetandikwa. Bi Mejumaa, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti, ameketi juu yake akielekeza sikio mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba. Keti. Tulikomea pale anapokabidhiwa kirago cha kulalia."

Mwanarusi alimfungulia ukurasa, akaenda kuketi kizingitini na sinia ya mchele wa kuchambua. Bakari akasafisha koo, akaanza. Sauti anayo, hilo halina ubishi. Alisoma jinsi bi kizee alivyobeba kirago chake mwenyewe kwa kuwa wanawe waliona haya kukibeba. Alisoma jinsi alivyofika bandani akawapisha kuku, akiwaomba radhi kwa kuwaingilia. Kisha akafika pale mjukuu anapokuja na sahani ya chakula, akaiweka nje ya mlango na kukimbia, maana amekatazwa kuingia.

"Lahaula!" Bakari akapiga kelele. "Watu gani hawa?"

Mkono wa Mwanarusi ulisimama ndani ya mchele.

"Bakari," akasema bi mkubwa. "Kitabu hiki hujakisoma."

"Nimekisoma, Bi."

"Mtu aliyekisoma kitabu hashtuki. Umeshtuka kabla yangu, mimi ninayesikia kwa mara ya kwanza. Nauliza tena, na jibu lako ulipime. Ulijua kuna banda humu?"

Hapo Bakari aliona njia mbili, na zote zilikuwa chafu. Akisema alijua, basi yeye ni msomaji hodari aliyemletea mama wa watu matusi yaliyofungwa kwenye jalada. Akisema hakujua, ni mwongo wa miaka miwili. Utetezi pekee aliokuwa nao duniani ni kwamba yeye si msomaji hata kidogo. Jasho lilimtoka mpaka likadondokea kitabuni, kwenye ukurasa uliokuwa haujawahi kuguswa na mtu wa nyumbani kwake.

"Sikujua, Bi Mejumaa. Nilisoma kurasa thelathini na moja, nikacheka, nikakuleteeni. Wallahi sikuwa na salamu yoyote. Ningejua kuna banda ningekichoma moto."

Bi Mejumaa alivuta pumzi ndefu, akashusha mabega aliyokuwa ameyabana tangu alipoingia mgeni. Aliyezungumza ni Mwanarusi.

"Na kile cha nahodha?"

"Ishirini na nane."

"Cha yule hakimu na mapacha?"

"Hicho... hicho nilijitahidi. Arubaini."

"Cha mashairi?"

"Cha mashairi nilisoma yale mafupi."

Alivitaja vyote kumi na kimoja, kwa mpangilio aliopewa, na Bakari akajibu kila kimoja kwa sauti iliyozidi kupungua. Hakuna mtu aliyemcheka. Angeshukuru kama wangemcheka.

"Mimi nilikuwa nikivimaliza mbio mbio kabla ya Jumamosi," Mwanarusi akasema. "Naamka kabla ya alfajiri nisome, kisha niende kazini. Nilikuwa nadhani utaniuliza, vipi, umeuonaje mwisho? Nilikuwa na maneno tele ya kukwambia. Hukuniuliza hata siku moja. Nikadhani ni adabu, hutaki kuniharibia." Alisukuma sinia kando. "Mtu anaongopa kwa kitabu, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Kwenye makubwa je?"

Bakari alifungua kinywa, na yale maneno ya kusifia yaliyokuwa yakimjia kila Jumamosi hayakuja. Alisema, "Una haki, dada yangu. Nilipenda unavyonitazama nikisimama na kitabu. Kusoma kunanishinda, usingizi hunichukua. Niliona haya kusema."

"Barua ya mjomba wako isije," akasema Mwanarusi, akaingia jikoni.

Bakari alinyanyuka kutafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Mejumaa. "Umeniacha bandani na kuku, sijui kama nitatoka. Keti umalize sura hii. Na kesho uje."

Basi akaja kesho, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Dukani alifunga saa kumi unusu, tajiri wake akanung'unika. Usingizi ulimjia kama kawaida yake ukurasa wa tano au wa sita, lakini Bi Mejumaa alikuwa na kifimbo, na kila sauti ya Bakari ilipoanza kuburura alimgonga nacho gotini. Siku ya tatu goti lilivimba. Siku ya sita alijikuta yuko dukani akimpimia mteja nyaya na kumfikiria yule bi kizee, amekula au hajala. Alimkatia mteja nyaya fupi, ikabidi akate upya. Aliporudi mkekani siku hiyo kifimbo hakikutumika.

Mwanarusi aliwawekea chai na mahamri, akakaa jikoni. Hakuzungumza na Bakari zaidi ya salamu. Bakari hakumlaumu. Usiku alijiambia kwamba hilo limekwisha, na kwamba angalau atajua kitabu kimoja kinaishaje kabla hajafa.

Siku ya tisa walikimaliza. Yule mwana mkubwa alifilisika, mke akamkimbia, akaja bandani akiugua, na mama akampokea. Bi Mejumaa alijifuta macho kwa upindo wa leso, kisha akawaka.

"Mjinga! Mwanamke mjinga kabisa! Kamsamehe bure bilashi. Mimi ningemfungia mlango akalale na mbu."

"Hakumsamehe, Bi," akasema Bakari.

"Hakumsamehe vipi, na kampa maji?"

"Kampa maji kwa kibakuli cha kuku." Bakari alikuwa amekwisha kurudi nyuma, anapekua kwa kidole kilicholowa mate. "Hiki hapa. Kibakuli chake mwenyewe kiko juu ya rafu, kimeoshwa, tumeambiwa mapema. Akakiacha. Akainama akachukua cha kuku. Aliyeandika hakusema neno, kaliacha hivyo hivyo. Mwana akanywa na hakutambua."

"Huko ni kuzeeka tu. Alikamata kilichokuwa karibu."

"Siyo, Bi, nisikilize! Kama ni kuzeeka, mbona mjukuu alipokuja alimpa kile cha rafuni?"

"Huyo ni mjukuu! Mjukuu ni mwingine!"

"Ndiyo ninayosema!"

Walipigiana kelele namna hiyo mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba. Bi Mejumaa alikipokonya kitabu asichoweza kukisoma, akakipigapiga kwa kiganja kama ushahidi. Bakari alikuwa amepiga magoti katikati ya mkeka, kofia imemwendea upande, anatetea kibakuli cha kuku kwa nguvu zake zote. Hakumwona Mwanarusi aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, kwa muda mrefu, mpaka mchuzi ukaanza kunukia kuungua.

"Kaka Bakari."

Wakageuka wote wawili.

"Mimi naona mama kakosea," akasema Mwanarusi. "Hata mimi nilikiona kibakuli. Nilimaliza peke yangu wiki iliyopita, nikawa nangoja ukifikie." Aligeuka kwenda kuutazama mchuzi, kisha sauti yake ikatoka ndani. "Mjomba wako mwambie barua asiilete Ijumaa. Ijumaa nampeleka mama kliniki ya macho. Jumamosi tupo."

Bakari aliitikia inshallah, kwa sauti iliyomtoka vibaya. Akaketi, akarekebisha kofia, akamwomba Bi Mejumaa amrudishie kitabu, maana ubishi wao ulikuwa haujaisha.